Mchezo wa Kompyuta Nao ni Ufundi

Katika vitongoji vya Arusha, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, kijana mwenye shilingi mia kadhaa na saa moja ya mapumziko hakosi njia ya kufika kwenye kibanda cha gemu. Humo mna televisheni moja au mbili, mtambo wa kuchezea, benchi, na kelele nyingi. Wazazi huvichukia vibanda hivyo. Walimu huwafuata wanafunzi humo kwa fimbo. Viongozi wa mitaa hupokea malalamiko, na malalamiko hayo yana msingi: kijana anayetoroka kipindi cha Hisabati ili akacheze mpira wa miguu wa kwenye kioo amekwisha kukipoteza kipindi, wala hakuna hoja ya kisayansi itakayomrudishia.

Hata hivyo, katika mjadala huo wote kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa. Mchezo ule ulitengenezwa na nani, na kwa jinsi gani? Mbele ya kioo yupo mlaji. Nyuma ya kioo yupo fundi. Tanzania imejaliwa walaji wengi na mafundi wachache mno. Aghalabu hudhaniwa kwamba ufundi huo ni wa makampuni makubwa ya nchi tajiri, yenye maghorofa na mamia ya wahandisi, na kwamba mwenye nchi changa hana la kufanya ila kununua au kukataza. Dhana hiyo si sahihi. Baadhi ya mafundi mashuhuri wa kazi hii walianzia katika chumba cha kupanga, na kilichowainua hakikuwa fedha kwanza. Mahali kama Tengeru, penye vyuo vinne vitano kando ya barabara moja, panaweza kuwa na karakana ya aina hiyo. Ili kuonyesha hivyo yafaa kwanza kwenda Japani, halafu kurudi nyumbani kwa njia ya Tanga.

Kampuni ya HAL Laboratory ilianzishwa mjini Tokyo mwaka 1980. Waanzilishi wake walikuwa kikundi cha vijana waliojuana dukani. Katika mtaa wa Ikebukuro palikuwa na duka kubwa la Seibu, na ndani yake sehemu ya kompyuta ndogo za kibinafsi, ambazo wakati huo zilikuwa kitu kigeni hata kwa Wajapani. Vijana wasiokuwa na uwezo wa kununua walikuwa wakifika hapo, wakiketi mbele ya mashine zilizowekwa kwa maonyesho, na kuandika programu zao mpaka duka lifungwe. Wenye duka hawakuwafukuza. Mmoja wa wafanyakazi wa sehemu hiyo ndiye aliyewashawishi kuunda kampuni, wakapanga chumba katika eneo la Akihabara. Jina walilolichagua lilikuwa la mzaha: herufi H, A na L kila moja hutangulia kwa hatua moja herufi I, B na M, ambazo ni jina la kampuni iliyokuwa ikiutawala ulimwengu wa kompyuta.

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Satoru Iwata, mzaliwa wa Sapporo mwaka 1959, mwanafunzi wa Chuo cha Teknolojia cha Tokyo. Akiwa shule ya sekondari, Iwata alipata kikokotoo cha Hewlett-Packard, cha aina inayoweza kupewa programu, akakitumia kutengeneza vijichezo vya tarakimu na kumchezesha mwanafunzi mwenzake aliyeketi jirani naye. Kikokotoo hicho hakikuwa na picha; kilikuwa na mstari mmoja wa namba. Walimu wa Hisabati wanaosoma makala haya watambue kwamba safari ya mtu huyu ilianza na chombo duni kuliko simu ya tochi ya leo, pamoja na mwenzake mmoja wa kuucheka mchezo wake. Baadaye alinunua kompyuta ya Commodore PET, akaifungua na kuichunguza kila pembe. Mwaka 1982, alipomaliza chuo, aliajiriwa rasmi katika kampuni ile ya chumba kimoja, ingawa ajira hiyo haikumfurahisha baba yake hata kidogo.

Sasa ikatokea bahati ambayo kwa hakika haikuwa bahati tupu. Mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa mtambo wa kuchezea nyumbani ulioitwa Famicom, unaounganishwa na televisheni. Ubongo wa mtambo huo ulikuwa wa ukoo mmoja na ule wa Commodore PET, hali mafundi wengi wa Japani walikuwa wamezoea ukoo mwingine. Iwata na wenzake wakajikuta wanaijua mashine mpya kabla haijawafikia. Ujuzi walioupata kwa kuchezea, ambao mzazi yeyote angeuita kupoteza wakati, ukawa ndio ujuzi uliotafutwa. Wakaiendea Nintendo kuomba kazi, na wakapewa. Mchezo wa Golf uliotoka mwaka 1984 ulikuwa wa mkono wa Iwata: viwanja kumi na vinane vya gofu katika mtambo uliokuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi isiyozidi kilobaiti 2, yaani herufi zipatazo elfu mbili, ukurasa mmoja uliopigwa chapa.

Jambo hilo liliwezekanaje? Hapa pana hesabu ambayo mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kuifanya mwenyewe. Picha ya Famicom ilikuwa na nukta 256 kwa upana na 240 kwa urefu, jumla nukta 61,440. Ikiwa kila nukta itahitaji biti 2 tu za kueleza rangi yake, picha moja itakula biti 122,880, sawa na baiti 15,360. Kumbukumbu ya picha ya mtambo huo nayo ilikuwa kilobaiti 2, yaani baiti 2,048. Picha moja tu ingeizidi mara saba na nusu. Kwa hiyo picha haikuhifadhiwa kama picha. Ilikatwa vigae vidogo vya nukta 8 kwa 8. Vigae vyenyewe vilichorwa mara moja na kuwekwa ndani ya kaseti ya mchezo, na kilichobaki katika kumbukumbu ni orodha ya namba za vigae tu: vigae 32 kwa upana na 30 kwa urefu, jumla 960, kila kimoja baiti moja. Baiti 960 zikaenea vizuri, na nafasi ikabaki ya kupanga rangi. Kigae kimoja cha majani kikirudiwa mara mia, uwanja ukawa kijani. Fundi anayetandaza sakafu ya msikiti kwa vigae vya aina nne tano na kupata maua elfu anaijua kanuni hiyo bila kuiandika.

Huo ndio ufundi unaozungumziwa. Si uchoraji wa katuni peke yake. Ni kupima, kubana, kugawanya na kutumia tena, na kila kosa huonekana papo hapo kiooni. Ni vigumu kutaja kazi nyingine ya mezani inayomlazimisha kijana kuhesabu kwa usahihi namna hiyo huku akitaka mwenyewe.

Historia ya HAL haikuwa ya mafanikio matupu, na sehemu ya matatizo ina manufaa zaidi kwa msomaji. Kampuni ilipanuka. Ikajijengea makao ya kazi katika mkoa wa Yamanashi, sehemu ya milima karibu na mlima Fuji, mbali na pilikapilika za Tokyo. Ikatoa michezo mingi kwa haraka, mingine bila kuiva. Mwaka 1992 ilielemewa na deni la yen bilioni 1.5, ikawa karibu kufilisika. Nintendo ilikubali kuisaidia kwa sharti kwamba Iwata ashike uongozi, na mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 33, fundi huyo asiyekuwa na mafunzo ya biashara akawa rais wa kampuni yenye madeni. Alianza kwa kuzungumza na kila mfanyakazi, mmoja mmoja, faragha, akiuliza kinachofanyika na kinachokwama, na zoezi hilo akalirudia mara kwa mara mpaka likawa desturi. Deni lililipwa kwa muda wa miaka sita hivi. Mwaka 2002 alichaguliwa kuiongoza Nintendo yenyewe, akaiongoza mpaka alipofariki mwaka 2015.

Mchezo ulioiokoa jina HAL ulitoka katika mwaka uleule wa matatizo, 1992, ukiitwa Kirby's Dream Land. Mbunifu wake, Masahiro Sakurai, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alipoanza kuujaribu hakuwa bado na picha ya mhusika mkuu, akaweka duara tupu lenye macho lishike nafasi mpaka mchoro halisi upatikane. Kadiri kazi ilivyoendelea, duara lile likapendwa, likabaki kuwa mhusika. Mchezo wenyewe ulikusudiwa kwa watu wasiojua kucheza, watoto wadogo na wanaoanza, wakati makampuni mengi yalishindana kutoa michezo migumu. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 5.

Mambo matatu yaliibeba karakana hiyo, nayo hayana uzito sawa. La kwanza na zito kuliko yote ni kwamba vijana waliachiwa mashine, wakakaa nayo saa nyingi bila mtu kuwauliza wanafanya nini. La pili, alikuwapo mnunuzi wa kazi, naye alitoa kazi ndogo zenye tarehe ya mwisho. La tatu ni nidhamu ya kumaliza. Fedha zilipokuja nyingi kabla ya nidhamu, zilileta deni.

Wakati vijana wa Ikebukuro wakiketi mbele ya mashine za watu, hali ya Tanzania ilikuwaje? Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka minne tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Haikuzaa ilichotarajiwa. Matatizo ya hesabu za Serikali yalizidi, wataalamu wa kuiendesha walikuwa wageni, na fedha za kigeni zilipotea. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini ila kwa kibali, na televisheni zikaingia katika katazo hilohilo. Wako wanaolicheka agizo hilo leo. Kicheko hicho ni rahisi mno. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973, ukame ulikuwa umeikumba nchi, na chakula kilinunuliwa nje kwa dola. Kiongozi aliyechagua mahindi kabla ya mashine za hesabu hakuwa mjinga.

Lakini athari yake kwa upande wa elimu yafaa isemwe bila kificho. Katazo lilikusudiwa mashine kubwa za maofisini, zenye ukubwa wa kabati, na likaja kuzikuta kompyuta ndogo za mezani zilizoanza kuuzwa duniani miaka mitatu baadaye. Kizazi kizima cha wanafunzi wa Tanzania Bara kilikosa ule wakati wa kuchezea. Famicom ilipotoka mwaka 1983, Bara hapakuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Cha kwanza kilianza mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Hapakuwa na kioo cha kuunganisha mtambo, sembuse mtambo wenyewe. Masharti yalipolegezwa, kompyuta zikaingia kama vyombo vya ofisi: za kupigia chapa barua na kutunzia mishahara, zimefunikwa kitambaa, zimefungiwa chumbani, na ufunguo uko kwa mkuu. Desturi ya kitambaa na ufunguo imedumu kuliko agizo lenyewe. Hata sasa zipo shule za sekondari zenye chumba kizuri cha kompyuta zilizotolewa kwa msaada, na chumba hicho hufunguliwa kwa kipindi kilichopangwa tu, au mgeni rasmi anapokuja.

Matokeo ya historia hiyo yalijitokeza wazi katika mkoa wa Tanga. Mwaka 2014 taasisi ya Marekani iitwayo XPRIZE ilitangaza shindano la kimataifa la dola milioni 15: itengenezwe programu ambayo mtoto asiyekuwa na mwalimu ataweza kuitumia peke yake kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Lugha za shindano zilikuwa Kiingereza na Kiswahili. Vikundi karibu mia mbili kutoka pande zote za dunia vilijiandikisha, na mwaka 2017 vikateuliwa vitano. Majaribio yakafanyika Tanga, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 hadi mwanzoni mwa 2019. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, pamoja na vituo vya kuvichaji kwa nguvu ya jua.

Kabla ya majaribio, zaidi ya tisa katika kila watoto kumi hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Baada ya miezi kumi na mitano idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Takwimu hiyo yapasa isomwe kwa pande zote mbili. Nusu iliyobaki bado haikuweza kusoma neno moja, na hivyo yeyote anayedai kwamba kishikwambi kitachukua nafasi ya mwalimu hakuyasoma matokeo hadi mwisho. Lakini kwa mtoto ambaye hakuwa na shule wala kitabu, kusoma neno la kwanza bila msaada wa mtu ni jambo kubwa.

Mwezi Mei 2019 washindi wawili waligawana zawadi kuu. Mmoja alikuwa kikundi cha onebillion, cha Uingereza na Kenya. Wa pili alikuwa kampuni ya Enuma, yenye makao Berkeley, California, na programu yake iitwayo Kitkit School. Mwanzilishi mwenza wa Enuma, Sooinn Lee, hakuwa mwalimu wala mtaalamu wa lugha. Alikuwa mbunifu wa michezo ya kompyuta nchini Korea Kusini, akaingia katika elimu baada ya kuwa mzazi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu na kukosa programu iliyomfaa mwanawe. Alichokileta Tanga ni ufundi wa gemu: kila hatua iwe fupi, kosa lisimtie mtoto aibu, jibu sahihi lijitokeze mara moja, na ugumu uongezeke kidogo kidogo. Ni kanuni zilezile za mchezo wa lile duara lenye macho.

Katika vikundi vitano vya mwisho hapakuwamo kikundi cha Tanzania. Lugha ilikuwa Kiswahili, watoto walikuwa wa Tanga, vijiji, jua na vumbi vilikuwa vya Tanga, na programu ziliandikwa California, London, Pittsburgh, New York na Bangalore. Hilo si kosa la waandaaji, maana mlango ulikuwa wazi kwa kila nchi. Ni kwamba mafundi wa kuupita mlango huo hawakuwapo kwa wingi wa kutosha.

Mfano wa pili ni wa bao, na unauma zaidi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mabingwa wake wa Zanzibar walimvutia mtafiti Alexander de Voogt, ambaye mwaka 1995 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kwa utafiti wa namna wanavyofikiri. Baadaye watafiti wa Maastricht, nchini humohumo, wakaandika programu ya kompyuta ya kucheza bao na kuchunguza mitaji inayozunguka bila kikomo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao, na barazani Zanzibar wapo wazee wanaoona mbele hatua nyingi kuliko programu nyingi. Hata hivyo kazi ya kuliingiza bao katika kompyuta ilifanywa na watu ambao iliwabidi kwanza kujifunza maana ya kunamua na kutakata. Kwa mwanafunzi aliyekulia penye bao, nusu ya kazi hiyo imekwisha. Mashimo 32 ni orodha ya namba 32. Kusambaza kete ni kuongeza moja moja kwa kila namba inayofuata. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuliandika hilo kwa mistari michache, halafu akutane na ugumu wa kweli, ambao ni kuifundisha mashine ni wakati gani ivunje nyumba na wakati gani iilinde.

Si kweli kwamba Afrika Mashariki haijajaribu. Kikundi cha Ubongo cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha hesabu kwa katuni za Kiswahili katika televisheni tangu mwaka 2014, na mtazamaji aliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu ya kawaida. Wazo zuri, kwa kuwa lilikifuata chombo ambacho watu tayari walikuwa nacho. Nairobi mwaka 2015 ilitoka Nairobi X, mchezo wa kupigana na wavamizi kutoka sayari nyingine, kazi ya Andrew Kaggia. Majaribio hayo yanathibitisha kipaji. Kinachokosekana ni udongo wa kuotesha wengi.

Hapo ndipo Tengeru inapoingia. Eneo hilo la chini ya mlima Meru halikuwa geni kwa karakana ndogo. Kituo cha zana za kilimo na ufundi vijijini, CAMARTEC, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, kilirithi kazi za majaribio ya zana zilizokuwa zikifanyika Tengeru. Mtambo wake wa biogesi, wenye kuba la matofali chini ya ardhi, ulibuniwa kwa ushirikiano na Wajerumani katika miaka ya 1980 ili ufae zizi la mkulima wa Kitanzania, na jina la CAMARTEC likawa jina la aina ya mtambo hata nje ya nchi. Mahali ilipokuwa CAMARTEC Tengeru ndipo palipojengwa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011 na kuzinduliwa rasmi mwaka 2012. Taasisi hiyo ina skuli nzima ya sayansi ya kompyuta na mawasiliano, yenye wanafunzi wa shahada za uzamili na udaktari.

Tengeru hiyohiyo kipo Chuo cha Ualimu Patandi, kinachowaandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu: wasioona, viziwi, wenye ulemavu wa akili. Walimu hao wanajua jambo ambalo Sooinn Lee alilijua kama mzazi, nalo ni pale hasa mtoto anapokwama. Ni mchezo gani wa Kiswahili umetengenezwa kwa ajili ya mtoto kiziwi wa darasa la kwanza, wenye alama za lugha ya alama ya Tanzania badala ya sauti? Mhandisi aliye peke yake hataweza kuutengeneza, kwa maana hajui alama. Mwalimu aliye peke yake hataweza, kwa maana hajui programu. Vyuo viwili vya Tengeru vinatenganishwa na mwendo mfupi wa daladala, na wizara zinazohusika hazikatazi mtu kuvuka barabara.

Wako watakaosema kwamba kabla ya hapo zinahitajika mabilioni: jengo la uvumbuzi, kamati na nembo. Yamanashi inajibu kinyume. Kinachohitajika kwanza ni chumba chenye kompyuta za kawaida, hata zilizotumika, kinachobaki wazi mpaka saa mbili usiku na siku ya Jumamosi, mwanafunzi wa Tengeru au wa Usa River aingie bila barua ya utambulisho. Msimamizi asimuulize anafanya nini. Baada ya mwezi amuulize amemaliza nini. Shule za sekondari zenye vyumba vya kompyuta zinaweza kuanza kwa kuondoa vitambaa na kumpa ufunguo mwalimu wa zamu. Programu ya Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts kwa ajili ya kuwafundisha watoto kutengeneza michezo, ni ya bure, imekwisha kuwekwa katika Kiswahili, na hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa kwenye mashine.

Pili, apatikane mnunuzi. Taasisi ya Elimu Tanzania huagiza vitabu. Yafaa iagize pia vijichezo, vidogo, kimoja kwa mada moja, kwa malipo ya haki na tarehe ya kumaliza. Kijichezo cha sehemu na desimali kwa darasa la nne. Kingine cha silabi za mwanzo. Kikishindwa, hasara ni ndogo na fundi amejifunza. Wasiwasi kwamba vijana watatumia nafasi hiyo kutengeneza michezo ya upuuzi ni wa kweli, na bila shaka wengi wao wataanza na upuuzi, maana hata yule kijana wa Sapporo hakuanza na jambo la maana.

Kazi ya kwanza ya karakana kama hiyo iko tayari. Kwa masharti ya shindano la Tanga, programu zote tano za mwisho ziliachwa wazi, na maandishi yake ya ndani, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, yamewekwa hadharani mtandaoni ili yeyote ayachukue, ayasome na kuyabadili bila malipo. Mwanafunzi mmoja wa Taasisi ya Nelson Mandela na mwalimu mmoja wa Patandi wakiketi pamoja wanaweza kuchagua somo moja tu la silabi, wakatoa sauti iliyomo, wakaweka mahali pake picha za mkono unaoonyesha alama, kisha wakalipeleka kwa watoto watatu wanne na kutazama ni wapi kidole kinasita.